Mtoto wa jicho: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

"Ni utando ulioota juu ya jicho."
Hapana. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo kwa kawaida ni angavu. Protini zake zinapoanza kushikamana, lenzi hupata ukungu na mwanga haupiti sawasawa; ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Kinyama kinachotambaa kutoka pembeni mwa jicho ni ugonjwa mwingine kabisa. Na kwa kuwa tatizo liko ndani, hakuna asali, maji ya majani wala maziwa ya mama yatakayoliondoa. Yanachoweza kufanya ni kuleta kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, kikaacha kovu. Hili linaniuma kuliko yote: mtu alikuwa na upofu unaotibika, akaongezewa mwingine ambao ni mgumu kutibu.

"Ngoja kwanza ukomae."
Ushauri huu ni wa upasuaji wa zamani. Siku hizi mtu hupasuliwa pale ukungu unapomzuia kufanya shughuli zake: kushona, kuchambua mchele, kuvuka barabara. Ukingoja mno, lenzi huwa ngumu na kazi ya daktari huwa nzito. Wakati mwingine lenzi huvimba na kupandisha presha ya jicho, presha ikaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na hapo hakuna upasuaji utakaorudisha uoni uliopotea. Tena, bibi akikuambia macho yamepona kwa sababu ghafla anasoma bila miwani, mpeleke akapimwe. Lenzi inayoharibika huweza kuleta nafuu ya namna hiyo, nayo haidumu.

"Wanalitoa jicho, wanalisafisha, wanalirudisha."
Jicho halitoki mahali pake. Mtu mzima kwa kawaida hupigwa ganzi ya jicho tu. Daktari hupasua upenyo mdogo, hutoa lenzi iliyoharibika, kisha huweka ya bandia. Mara nyingi haimalizi hata nusu saa. Lenzi ya bandia ilianza na Harold Ridley, London, mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa bila kuwadhuru. Ziko hospitali zinazosaga lenzi kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Nyingine huitoa kwa mkono kupitia upenyo ambao mara nyingi hauhitaji kushonwa, njia ya gharama nafuu inayofaa sana kwenye kambi za macho vijijini. Zote mbili ni nzuri kwa mikono iliyofunzwa. Hatari zipo, ila ni chache: baada ya upasuaji, jicho likiuma sana, likiwa jekundu au uoni ukipungua, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

"Hurudi."
Lenzi ilishatolewa. Kinachoweza kupata ukungu baadaye ni kifuko chake kinachobaki jichoni, nacho hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache.

"Ni ugonjwa wa wazee."
Wazee ndio wengi, lakini kisukari, jicho kuumia, sigara na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) huweza kuwaletea vijana pia. Wapo watoto wanaozaliwa nao, pengine kwa sababu mama alipata rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, akiwa mjamzito. Ukiona mboni ya mtoto ni nyeupe, usingoje kliniki ijayo. Ubongo wake unajifunza kuona sasa, na weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii hii.