Daktari kasema tutoe kizazi kwa sababu ya endo, na homoni baadae inakuwaje? Maswali na majibu

Maswali haya yanaulizwa sana na wadada wenye endometriosisi (wengi wetu tunaita endo tu) ambao wamezunguka miaka na miaka wakiambiwa ni chango, mara UTI, mara "ukizaa itaisha", sasa wamefika mwisho wameshikishwa fomu ya upasuaji na hawajui waulize nini. Nimejibu kama tunavyoongea wodini, sio kitabuni.

Nikitoa kizazi endo si ndo imeisha?

Sio lazima, na hapa ndo watu wanaumia mara mbili. Endo ni nyama zinazofanana na ule utando wa ndani ya kizazi lakini zimeota nje, kwenye ovari (vifuko vya mayai), kwenye mirija, nyuma ya kizazi karibu na utumbo mpana, kwenye kibofu, kwa wachache mpaka kifuani, kwa hiyo ukitoa kizazi zile nyama ukaziacha palepale zilipo umemfukuza jirani na mwizi umemwacha ndani. Mnamkumbuka Njambi Koikai wa Kenya, yule Fyah Mummah Jahmby wa redioni, aliyefariki Juni 2024? Yake ilifika kifuani mapafu yakawa yanasinyaa, sasa kitu kama hicho kutoa kizazi peke yake kunakigusa vipi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari sio "unatoa kizazi?", muulize "na hizo nyama nyingine utazikata siku hiyohiyo, na kama ziko kwenye utumbo nani atakuwepo theatre?" Kama jibu ni kizazi tu tutaona mbele ya safari, una haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, tena yule anayefanya upasuaji wa matundu na amezoea endo, maana gaini (madaktari wa magonjwa ya wanawake) wengi huku kwetu mkono wao umezoea zaidi fibroidi na endo ya ndani sana ni kazi nyingine kabisa.

Kuna kundi moja ambalo kutoa kizazi kunawasaidia kwelikweli, wale wenye adenomiosisi, yaani utando umeingia ndani ya msuli wenyewe wa kizazi, unablidi mapande mapande na kizazi kinavimba. Hiyo ipo kwenye kizazi, kizazi kikitoka nayo imetoka. Wengi wana zote mbili, endo na adeno, ndo maana ultrasaundi nzuri au MRI kabla ya kuamua ni hela isiyopotea.

Na kuzaa je? Bado sijapata mtoto.

Ubebaji mimba unaisha hapo, hamna kona kona. Kama bado unataka sema kwa sauti kabla ya kusaini, usikubali kuharakishwa. Millen Magese aliyekuwa Miss Tanzania 2001 kafanyiwa upasuaji mara nyingi kwa endo na mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Sisemi itakuwa hivyo kwa kila mtu, nasema tu "toa kizazi" sio hatua ya kwanza kwenye ugonjwa huu.

Ovari zitolewe au zibaki?

Hili ndo swali kubwa kuliko la kizazi na ajabu ndo linaloulizwa kwa dakika mbili mlangoni. Ovari ndo zinatengeneza istrojeni, homoni ya kike, na istrojeni ndo chakula cha endo, ndo maana madaktari wengi wanapenda kuzing'oa kabisa. Ushahidi upo: kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2008 ulifuatilia wanawake waliotolewa kizazi kwa endo, baada ya miaka 7 kati ya kila 100 walioachiwa ovari kama 77 hawakuhitaji upasuaji mwingine, na waliotolewa ovari ni kama 92. Tofauti ipo, lakini angalia vizuri, hata wa ovari kubaki wengi wao walikaa salama. Na utafiti huohuo ulionyesha kwa wenye miaka 30 hadi 39 kutoa ovari hakukuongeza faida ya maana.

Lena Dunham yule mwigizaji wa Marekani alitolewa kizazi akiwa na miaka 31, wakamwachia ovari, mwaka 2018 akarudi theatre kutolewa ovari moja. Wengine wanabaki nazo na hawarudi tena maisha yao yote. Kwa hiyo inategemea umri wako, ovari zenyewe ziko kwenye hali gani (kama zimejaa vile vifuko vya damu nyeusi kama chokoleti na zimegandana na utumbo, habari inabadilika), na kama kwenye ukoo kuna kansa ya ovari au ya titi. Mirija hiyo inatolewa mara nyingi hata kama ovari zinabaki, inapunguza hatari ya kansa ya ovari na haikupeleki menopozi (kukoma hedhi).

Zikitolewa zote si ni menopozi ya kawaida tu, mama yangu kapita?

Mama yako ovari zake zilizima taratibu miaka kadhaa, wewe zinazimwa saa tano asubuhi ukiwa umelala. Unaamka wodini, na ndani ya siku au wiki chache joto linakupanda ghafla kutoka kifuani mpaka usoni, jasho la usiku mpaka shuka unabadilisha, usingizi hamna, hasira za karibu, kusahau, uke unakauka, hamu inapotea (ovari zinatoa testosteroni pia, hilo watu hawaambiwi). Hayo ndo unayoyaona. Usiyoyaona ni mifupa, inaanza kupungua kwa kasi, na moyo. Mwanamke aliyetolewa ovari zote kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, akakaa bila homoni, yuko kwenye hatari zaidi ya mifupa kuvunjika na ya magonjwa ya moyo. Ndo maana kwa umri huo homoni sio anasa au urembo, ni kurudishiwa kitu ambacho mwili ulikuwa bado unakihitaji.

Kuna namna ya kujaribu kwanza kabla ya kukata?

Ipo na siipigii debe bure. Zile sindano zinazolaza ovari kwa muda, kama Zoladex, unachoma kila mwezi kwa miezi kama mitatu hadi sita. Maumivu yakishuka sana unapata dalili kwamba ovari zako ndo zinachochea, yasiposhuka jiulize kama kuzitoa kutasaidia nini. Pia unaonja menopozi ilivyo kabla hujaifanya ya kudumu. Bei yake inauma, na bima nyingi zinataka maelezo ya daktari kwanza, ila ni nafuu kuliko majuto. Wakikuanzishia ulizia na kile kidozi kidogo cha homoni cha kuambatana nayo ili mifupa isiteseke.

Homoni si zinaleta kansa ya titi?

Hofu hii ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2002 huko Marekani utafiti mkubwa uitwao WHI ulisimamisha sehemu ya wanawake waliokuwa wanatumia istrojeni pamoja na projesteroni (homoni nyingine ya kike), habari ikaenda dunia nzima, madaktari wakaacha kuandika, wanawake wakatupa vidonge. Sema wale wanawake wastani wa umri wao ulikuwa 63, na ongezeko lenyewe lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi wa kansa ya titi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Wewe una 36 au 41, unarudishiwa homoni ambazo wenzako wa umri wako wanazo bure mwilini, hesabu hiyo haikuhusu moja kwa moja. Kwenye utafiti huohuo waliokuwa hawana kizazi na wakapewa istrojeni peke yake kansa ya titi haikuongezeka.

Kama umeshaugua kansa ya titi, au umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, au ini ni bovu, hapo hadithi ni nyingine, kuna dawa zisizo homoni za kupunguza joto kama venlafaksini au gabapentini. Mwenye selimundu pia aseme mapema kwa sababu ya damu kuganda.

Nimeambiwa sina kizazi kwa hiyo nipewe istrojeni tupu, ni sawa?

Kwa mwanamke mwingine, aliyetolewa kizazi kwa fibroidi tuseme, ni sawa kabisa, projesteroni kazi yake kubwa ni kulinda utando wa kizazi na kizazi hamna. Ila wewe ulikuwa na endo. Hakuna daktari anayeweza kukuapia kwamba kila kipande kilitoka, na vilivyobaki ni utando kama ule ule, vikilishwa istrojeni tupu vinaweza kuamka, na mara chache sana vimeripotiwa kugeuka kansa baada ya miaka. Ndo maana mwongozo wa ESHRE wa mwaka 2022, hao ni wataalamu wa uzazi wa Ulaya, unasema mwenye historia ya endo aepushwe na istrojeni tupu, apewe ya mchanganyiko istrojeni na projesteroni, au tiboloni (kidonge kinachofanya kazi kama homoni hizo), angalau mpaka umri wa kawaida wa kukoma hedhi. Kuna madaktari wazuri tu ambao hawajakutana na hilo, sio dhambi kulitaja kwa upole: "dokta, kwa vile ilikuwa endo, si nahitaji na projesteroni?"

Na homoni zenyewe hazitaniamshia ugonjwa?

Zinaweza, kwa wachache. Kuna utafiti wa Uhispania uliotoka 2002, wanawake 115 waliotolewa ovari wakapewa viraka vya istrojeni pamoja na projesteroni ya kumeza, 4 tu ndo walirudiwa, waliokaa bila homoni hakuna aliyerudiwa. Walio hatarini zaidi ni walioachiwa endo nyingi tumboni, na walioachiwa shingo ya kizazi au kizazi chenyewe. Kuhusu kusubiri miezi kadhaa baada ya upasuaji ndo uanze "ili mabaki yafe", bado wapo wanaofanya hivyo, ushahidi kwamba inasaidia haupo, na wewe miezi hiyo unaungua.

Vidonge, kiraka au jeli?

Ya kupaka na ya kubandika haipiti kwenye ini kwanza, kwa hiyo haiongezi damu kuganda kama vidonge, mwenye presha, uzito mkubwa au kipandauso ajaribu kuipata. Shida ni kwamba sio kila famasi inayo, nje ya miji mikubwa vidonge ndo vipo, bora vidonge kuliko hamna. Ukavu wa uke una krimu yake ya kuweka hukohuko. Kama unatumia dawa za TB zenye rifampisini au dawa za kifafa kama karbamazepini sema, zinapunguza nguvu ya homoni na utadhani dozi haifanyi kazi.

Zile dawa za kusafisha kizazi na kufukiza je?

Kizazi hamna, unasafisha nini jamani. Hata kikiwepo. Mvuke ukeni una watu umewaunguza. Hela hiyo nunua dagaa, mtindi, mboga za majani, tembea kwa nguvu kila siku, mifupa itashukuru.

Mume anasema nitabaki shimo.

Hutobaki. Juu ya uke panashonwa, urefu unabaki karibu ule ule, na wiki 6 za kwanza hakuna tendo, hakuna kubeba ndoo ya maji wala mtoto mgongoni. Wengi tendo linakuwa bora kwa sababu lile chomo la ndani limeondoka. Mlete kliniki asikie kwa daktari, akisikia kwako anaona unajitetea.

Homoni nitumie mpaka lini, na maumivu yakirudi nifanyeje?

Mpaka karibu miaka 51, halafu mnakaa na daktari mnaangalia upya, kila mwaka presha na matiti yanapimwa njiani. Walioachiwa shingo ya kizazi bado wanapima kansa ya shingo kama kawaida. Maumivu yakirudi usizitupe ghafla peke yako, nenda wapunguze dozi au wabadilishe mchanganyiko na wakuchungulie na ultrasaundi, ila ukiona damu ukeni au kwenye choo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hiyohiyo na ile ripoti ya upasuaji wako mkononi, ambayo natumaini uliomba nakala yake siku ya kuruhusiwa.