Acheni kuvuta govi la mtoto

Wiki haiishi bila mimi kuletewa mtoto mwenye govi lililochanika. Mama anaeleza bila kusita: "Daktari, niliambiwa niwe namvuta kidogo kidogo kila nikimwogesha, lisije likaziba." Mmoja kaambiwa na mama mkwe, mwingine na jirani. Wanaoniuma zaidi ni wale walioelekezwa na mhudumu wa afya, kliniki, mbele ya kina mama wengine ambao nao walirudi nyumbani wakafanya hivyo hivyo. Ushauri huo ni wa makosa, na unaleta ugonjwa uleule unaodaiwa kuuzuia.

"Govi la mtoto lisipofunguka ana fimosisi, yaani ugonjwa wa govi kubana, kwa hiyo avutwe"

Mtoto wa kiume anazaliwa govi likiwa limegandana na kichwa cha uume, kama kucha ilivyogandana na nyama ya kidole. Hakuna nafasi katikati, kwa hiyo hakuna uchafu wa kwenda kuutafuta humo. Mwaka 1949 Douglas Gairdner, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika kwamba ni asilimia 4 tu ya watoto wachanga ambao govi lao linarudi nyuma lote. Basi wale 96 waliobaki katika kila 100 wote ni wagonjwa?

Mwenzake wa Denmark, Jakob Øster, aliwapima wavulana wa shule na kuchapisha matokeo mwaka 1968. Kwenye umri wa miaka 6 hadi 7, asilimia 63 bado walikuwa na sehemu ya govi iliyogandana na kichwa, na asilimia 8 govi lilikuwa limebana. Kwa wenye miaka 16 hadi 17, waliogandana walikuwa asilimia 3, na waliobanwa asilimia 1. Govi hujiachia lenyewe. Seli za katikati zinakufa na kudondoka, uume unasimama na kulala tangu utotoni, kisha homoni za balehe zinamalizia kazi. Wapo wanaofunguka wakiwa na miaka mitatu na wapo wanaofika kumi na tatu. Wote ni wazima.

Sasa tazama kinachotokea unapolivuta. Ngozi iliyogandana inachanika, inatoka damu, mtoto anapiga kelele. Kidonda kinapona kwa kovu, na kovu halina mnyumbuko. Ukirudia kesho na keshokutwa, kovu linakuwa duara gumu kwenye ncha. Govi ambalo lingefunguka lenyewe bila msaada wa mtu sasa limebana kweli, na mtoto anaogopa kukojoa, anabana mkojo mpaka tumbo linauma. Halafu naletewa nimfanyie upasuaji.

Mikono mbali, ndiyo dawa ninayoiandika mara nyingi kuliko zote. Mwogeshe, osha uume kwa nje kwa maji kama unavyoosha kidole chake, basi. Usiingize sabuni, pamba, maji ya chumvi wala dawa ya kuulia vijidudu. Mtu wa kwanza kulirudisha nyuma govi awe mtoto mwenyewe, siku atakapoweza bila maumivu, na baba, mjomba au kaka amfundishe mambo matatu: arudishe, aoshe, alirejeshe mbele. Na mhudumu yeyote akitaka kumvuta mwanao kwa nguvu "ili aone ndani", una haki ya kumkatalia.

Fimosisi ya ugonjwa ina sura yake. Ncha ya govi inakuwa ngumu, nyeupe, yenye kovu, na mara nyingi lilikuwa likifunguka vizuri zamani, sasa halifunguki. Huyo mlete kwa daktari wa mfumo wa mkojo. Mlete pia anayelia kila akikojoa, anayetoa mkojo kwa matone, mwenye damu kwenye mkojo, mwenye UTI inayojirudia, au ambaye govi linavimba na kuwa jekundu mara kwa mara. Aliyeshindwa kukojoa kabisa usimsubirishie kliniki ya Jumatatu.

"Govi linajaa mkojo, figo zitaharibika"

Ikiwa linajaa kidogo anapoanza kukojoa kisha mkojo unatoka vizuri na mtoto haumii, hilo peke yake si ugonjwa. Mara nyingi ni dalili kwamba ngozi imeanza kuachana na kichwa.

"Vivimbe vyeupe chini ya ngozi ni usaha"

Ni seli zilizokufa zilizojikusanya. Si gono, wala mtoto hajaambukizwa na mtu. Msivikamue. Usaha unakuja na maumivu, wekundu na uvimbe.

"Dawa ya govi kubana ni tohara tu"

Naiheshimu tohara, kwa dini na kwa mila. Naijua pia faida yake nyingine: majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kuwa inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke. Hiyo ni sababu nzuri, lakini si sababu ya kumwambia mzazi kwamba hana njia nyingine. Govi lililobana bila kovu, wengi linawafungukia kwa krimu ya steroidi kama betamethasoni, inayopakwa kwenye ncha mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 8, kwa maelekezo ya daktari. Msinunue tu duka la dawa mkajipakia. Penye kovu jeupe gumu, hapo kweli tohara ndiyo tiba.

Na yuko mtoto ambaye hatakiwi kutahiriwa kabla hajaonwa na daktari bingwa: yule ambaye tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha. Govi lake ndilo tunaloweza kulihitaji kumtengenezea njia ya mkojo. Ngariba akishalikata, kazi yetu inakuwa ngumu mno.

"Mtu mzima kubanwa na govi ni uzee tu"

Mwanamume ambaye govi lilikuwa likifunguka miaka yote, sasa linabana, linachanika wakati wa tendo na kuwasha, akapimwe sukari wiki hii hii. Wengine wanagundua kisukari kwa njia hiyo. Na kama kuna kidonda kisichopona au uvimbe chini ya govi asiloweza kulifungua, aje haraka, kwa kuwa saratani ya uume hujificha hapo hapo. Mitishamba itampotezea miezi.

"Limekwama nyuma, litarudi lenyewe"

Halirudi. Govi likikwama nyuma ya kichwa linakibana, kichwa kinavimba, damu inashindwa kupita. Hiyo ni dharura ya leo, hata kama ni usiku wa manane. Tunaiona sana kwa wazee waliowekewa mpira wa mkojo: aliyeuweka alirudisha govi nyuma, akasahau kulirejesha. Unayemuuguza mzee nyumbani, kila ukimsafisha hakikisha govi limerudi mbele.