Utafiti si hojaji, na 384 si nambari takatifu

Majuma mawili yaliyopita mwanafunzi wa mwaka wa nne katika idara ya fasihi alinijia ofisini na pendekezo la utafiti kuhusu vugo, zile nyimbo ambazo wanawake wa Mombasa huziimba harusini huku wakigonga pembe kwa vijiti. Alikusudia kuzirekodi, kuziandika na kuzichambua, kisha atunge zake tatu kwa mapigo yale yale na kuziambatisha kwenye tasnifu. Nililipenda wazo lake. Nilipofika sura ya tatu nikakuta sampuli ya watu 384 na hojaji ya kurasa 6, swali lake la kwanza likiwa: "Je, unapenda vugo? Sana, kiasi au kidogo?" Nikamuuliza ni wanawake wangapi anaowajua Mji wa Kale ambao bado wanaziimba kwa kichwa. "Wanne, Mwalimu. Nyanya angekuwa wa tano, ila sauti imemtoka." Nikamuuliza hao 380 waliobaki atawatoa wapi. Akainamisha kichwa, akaniambia kwamba amehakikishiwa na kila aliyemwendea kuwa bila takwimu kazi yake itahesabiwa hadithi tu.

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno katika miaka ambayo nimeratibu utafiti kwenye chuo chetu kidogo, kutoka kwa wanafunzi na, inaniuma kusema, kutoka kwa wahadhiri wenzangu pia. Ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu huiharibu kazi nzuri kabla haijaanza: mtu aliyekuwa na swali zuri huliacha, akatafuta jingine linaloweza kujibiwa kwa kutia alama kwenye visanduku.

Nambari 384 ina asili yake, na anayeitumia anapaswa kuijua. Hupatikana pale mtafiti anapotaka kukadiria uwiano fulani katika umma mkubwa sana, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, akikubali makadirio yake yazidi au yapungue kwa asilimia 5, na kwa kuwa haujui uwiano wenyewe, akauchukulia kuwa nusu kwa nusu. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo wanafunzi wengi hulinakili bila kulisoma hadi mwisho, linaonyesha kwamba umma wa watu milioni moja unahitaji sampuli ya 384, watu 1,000 wanahitaji 278, watu 100 wanahitaji 80, na watu 10 wanahitaji 10, yaani wote. Kwa waimbaji wanne, jedwali lenyewe lingekwambia ukawaone wote wanne na kuachana na hesabu. Isitoshe, hesabu nzima husimama juu ya sharti kwamba uteuzi uwe nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa ya kuteuliwa. Mwanafunzi anayesimama kwenye kivuko cha Likoni jioni na kumpa hojaji kila anayekubali kusimama hana sampuli nasibu, hata akiwafikisha watu 384 au 3,840.

Swali ndilo linalochagua mbinu. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya wakazi wa Kisauni wanaonunua maji kwa mikokoteni, tafadhali hesabu, na uhesabu vizuri. Ukitaka kujua jinsi wimbo unavyobadilika unapotoka kwa nyanya kwenda kwa mjukuu, unahitaji masikio, muda, na watu wachache wanaoujua wimbo huo kwa kina. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki hapa Mombasa mnamo mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua aliyafuata kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari William Taylor, na hatimaye yakachapishwa mwaka 1940. Wazee wale walikuwa wachache, na thamani yao ilikuwa katika walichokibeba vichwani. Mtu angewapelekea hojaji ya visanduku, tungebaki na asilimia za waliompenda Muyaka, bila ubeti hata mmoja.

Upande wa pili wa dhana hii ni wale wanaodhani kwamba kila kazi ya sanaa ni utafiti, na hao nao sikubaliani nao. Mwongozo wa Frascati, ambao nchi nyingi huutumia kupima shughuli za utafiti, katika toleo lake la mwaka 2015 unataja sifa tano: kazi ilenge kuleta maarifa mapya, iwe na ubunifu, matokeo yake yasijulikane tangu mwanzo, ifuate utaratibu, na iweze kurudiwa au kuhamishwa kwa wengine. Shairi zuri linaweza kuzikosa sifa mbili za mwisho na likabaki shairi zuri. Mhadhiri aliyeniletea diwani yake akitaka iorodheshwe kama utafiti nilimshauri aiorodheshe kama kazi ya ubunifu, kwa fahari, kwa kuwa ndivyo ilivyo na haipungukiwi na lolote. Nyimbo tatu za yule mwanafunzi, kwa upande mwingine, zinaweza kuwa utafiti kamili iwapo ataonyesha alichokuwa akikijaribu katika kila moja, alichojifunza kuhusu mapigo ya vugo kwa kutunga ambacho asingekijua kwa kusikiliza tu, na ni wapi waimbaji wale wanne walimwambia, "Hapa umekosea, mwanangu."

Ndiyo maana kila anayekuja kwangu humtuma kwanza akanunue daftari la jalada gumu. Aandike kila jioni kabla ya kulala, tarehe juu, alichokiona, alichokisikia, alichokibadilisha katika rasimu na sababu ya kukibadilisha. Simu hupotea na kumbukumbu hujipamba. Msanii asiye na daftari hawezi kuuonyesha utaratibu wake, hata kama alikuwa nao. Ushauri huu nautoa kwa mwanafunzi wa muziki na kwa mhadhiri wa bayolojia anayepima mikoko ya Mtwapa, kwa maneno yale yale.

Dhana nyingine hazinichukulii muda mrefu. Kwamba utafiti ni wa wahadhiri na mwanafunzi ni wa kubeba vifaa: Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanzania, mwaka 1963, alipogundua katika kutengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wake wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa. Baadaye akamuuliza mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye alilijaribu jambo hilo badala ya kulipuuza, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa majina yao wawili. Wanafizikia wangali wanabishana juu yake, na chanzo cha mabishano yote ni friji ya shule.

Kwamba matokeo yasiyothibitisha nadharia tete yako, yaani jibu ulilolikisia kabla ya kuanza, ni utafiti uliofeli: hapana. Yaandike jinsi yalivyo. Anayeyarekebisha ili yapendeze amefanya kosa kubwa kuliko lolote lililotajwa hapa.

Kwamba jarida linalokukubalia makala kwa siku tatu na kukudai ada ni jarida: makala haiwezi kuwa imesomwa na wataalamu wawili katika siku hizo, na fedha yako haitarudi. Njoo uniulize kabla ya kulipa.

Kwamba kibali hutafutwa data ikishakusanywa: sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inataka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayosimamia utafiti, itangulie, na kamati ya maadili haiwezi kuidhinisha kilichokwisha kufanyika.

Ya mwisho nilikutana nayo siku ile ile, mwanafunzi alipokuwa akifunga begi lake, amekubali kuwaacha wale 380. Alisema kwamba angalau jambo moja ni rahisi, kwa kuwa nyimbo za kale hazina mwenyewe. Zinaye. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka jamii husika iridhie mapema, ikiwa imeelezwa wazi, kabla sanaa yake haijatumiwa na mtu wa nje. Na ile ya mwaka 2019 ya kulinda data inazigusa sauti na majina ya waimbaji wenyewe. Nilimwomba aende kwao mara ya kwanza bila kinasa sauti, pamoja na nyanya yake, awaeleze anachotaka kufanya na mahali ambapo nyimbo hizo zitahifadhiwa, kisha awaulize ni zipi wasizotaka zitoke nje ya nyumba ya harusi. Alinitumia ujumbe Ijumaa: wamemkubalia, isipokuwa nyimbo mbili, na nyanya yake ameanza kumfundisha kushika pembe.