Raia wa kuzaliwa: kuzaliwa wapi, au kuzaliwa na nani?

Kila Marekani inapokaribia uchaguzi, wanafunzi wangu wa sheria ya katiba huniuliza kama mtu aliyezaliwa nje ya nchi hiyo anaweza kuwa rais wake. Ibara ya 2 ya Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, mwenye umri usiopungua miaka 35 na aliyekaa nchini humo miaka 14; ila haielezi raia wa kuzaliwa ni nani, na Mahakama ya Juu haijawahi kuamua jambo hilo katika shauri la mgombea urais.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili hukwama mapema zaidi, kwenye neno "kuzaliwa" lenyewe. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 14, raia kwa kuzaliwa ni yule ambaye siku anazaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au ng'ambo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, kinyume chake, humhesabu mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje kuwa raia wa kurithi, na ibara ya 39 ya Katiba inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa.

Marekani imechukua kwa pande zote mbili: ule wa ardhi, yaani mahali mtu alipozaliwa, na ule wa damu, yaani uraia wa wazazi wake. Upande wa ardhi unatoka katika sheria ya kale ya Uingereza, na mwaka 1898, katika shauri la Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, Mahakama ya Juu iliushikilia. Upande wa damu una ubishi zaidi: sheria ya mwaka 1790 iliwaita watoto wa raia waliozaliwa ng'ambo raia wa kuzaliwa, kisha ile ya mwaka 1795 ikawaita raia tu. Wapo wanaojenga hoja nzito juu ya badiliko hilo; mimi naona maana iliyo thabiti zaidi ni raia tangu siku ya kwanza, asiyehitaji tajnisi, yaani kuomba na kupewa uraia baadaye. Kwa maana hiyo John McCain, aliyezaliwa eneo la Mfereji wa Panama, na Ted Cruz, aliyezaliwa Calgary, Kanada, kwa mama Mmarekani, walistahili kugombea urais, kama walivyofanya.

Barack Obama hakuhitaji mjadala huo, kwa kuwa alizaliwa Honolulu mwaka 1961, na uraia wa baba yake, Mkenya aliyekuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, haukubadili kitu. Lakini waliodai kwamba alizaliwa Kenya walikuwa wamegusa, pengine bila kujua, swali gumu kweli. Sheria ya wakati ule ilimtaka mama Mmarekani aliyezaa ng'ambo na mume mgeni awe ameishi Marekani miaka 10, mitano kati yake baada ya kutimiza miaka 14, naye mama yake Obama alikuwa na miaka 18 tu. Hata hapo ungebaki ubishi kama ndoa yao ilikuwa halali, kwani mama asiye katika ndoa alitakiwa kuwa ameishi huko mwaka mmoja tu mfululizo.