Goti likitoneshwa, rudi hatua moja tu

Kutoneshwa kwa jeraha mara nyingi huja nyuma ya siku nzuri. Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa goti anaamka mguu ukiwa mwepesi, anaongeza seti mbili, kisha anakimbia kidogo "kulijaribu goti". Jioni shwari. Asubuhi goti limejaa, halikunjiki vizuri, na mawazo yanaanza: upasuaji umeharibika, miezi minne imepotea bure. Kwa kawaida hakuna kilichokatika. Dozi ya mazoezi imezidi kile ambacho goti linaweza kubeba kwa sasa, basi.

Kinachochanganya ni kwamba goti halilalamiki papo hapo. Maji hujikusanya ndani ya kiungo kwa saa kadhaa, na kano zilizochoka huuma kesho yake. Kwa hiyo ukitafuta kilichokutonesha, usiangalie zoezi la mwisho peke yake. Pitia siku mbili nyuma, pamoja na ngazi ulizopanda na saa ulizosimama.

Kipimo cha kuaminika ni asubuhi. Kabla ya kuanza shughuli, lala chali, nyoosha mguu, legeza misuli, kisha zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya pia ya goti. Andika sentimita, andika maumivu kwa alama 0 hadi 10, na uone kama goti linanyooka na kukunjika kama jana. Likiongezeka sentimita 1 au zaidi, hilo si la kupuuza hata kama haliumi. Maji yakijaa gotini, mfumo wa fahamu hupunguza nguvu ya msuli wa mbele ya paja. Msuli ni mzima lakini "umezimwa". Ndiyo maana mtu hukaza paja na msuli haujikunji, au goti hulegea ghafla akishuka ngazi. Ukilazimisha mazoezi mazito katika hali hiyo, misuli mingine inafanya kazi ya msuli huo na unajizoesha kutembea vibaya.

Maumivu ya alama 0 hadi 2 wakati wa zoezi hayana neno. Yakiwa 3 hadi 5 na yakaisha kufikia asubuhi, baki na uzito huohuo, usiongeze. Yakizidi 5, au yakilala nawe mpaka kesho, punguza. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya mazoezi: umeziba mdomo wa shahidi pekee uliyenaye.

Kupunguza si kuanza upya. Tafuta katika daftari lako kiwango cha mwisho ambacho asubuhi yake ilikuwa tulivu. Tuseme ulikuwa unachuchumaa na kilo 20, seti 3 za marudio 10, kisha wiki hii ukapanda hadi kilo 30 na siku hiyohiyo ukaanza kuruka. Kosa hapo ni kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Siku ya kwanza pumzisha mguu, uinue, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Uvimbe ukipungua, rudi kwenye kilo 20, seti 2, bila kuruka. Ukipata asubuhi tulivu baada ya vipindi viwili au vitatu, ongeza kitu kimoja tu. Kulala kitandani wiki nzima ni kosa la upande wa pili. Paja hupungua nguvu haraka kuliko linavyozirudisha.

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari. Mlio wa "pa!" unaofuatwa na uvimbe ndani ya saa chache, goti kukwama, mchomo wa ghafla nyuma ya paja katikati ya mbio, homa au usaha kwenye mshono: nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Shavu la mguu (nyuma, chini ya goti) likivimba na kuuma, hasa baada ya upasuaji, huenda damu imeganda. Na kifua kikibana au pumzi ikakatika, ni dharura ya saa hiyo.

Kuna pia hofu, na haipungui kwa kuambiwa "jikaze". Hofu ya kuumia tena huwazuia wengine kurudi uwanjani hata baada ya goti kupata nguvu. Itaje kwa jina: ni kutua kwa mguu mmoja? Ni kugeuka ghafla? Kisha uikate vipande: tua kwa miguu miwili kutoka kwenye kijukwaa kifupi, kisha mguu mmoja, kisha mguu mmoja ukiwa na mpira. Huzuni, kukosa usingizi au kuchukia kila kitu kukipita wiki mbili, mweleze daktari kama unavyoeleza uvimbe.

Waliopandikizwa ligamenti ya mbele ya goti (ukano unaoshikilia mifupa ya goti, kwa kifupi ACL) wana mtego wao. Katika miezi ya mwanzo kano iliyopandikizwa hudhoofika kabla haijajijenga upya, na ni kipindi hichohicho maumivu yanapotoweka. Kurudi kwenye mechi kabla ya miezi 9 tangu upasuaji huongeza hatari ya kuikata tena. Kwa hiyo kocha akiuliza "lini?", usimpe tarehe. Mpe vipimo: paja limefika asilimia ngapi ya nguvu ya paja la mguu usioumia (angalau 90 ndiyo inayotafutwa), unaruka umbali gani kwa kila mguu, na goti linasoma sentimita ngapi asubuhi baada ya mazoezi mazito.