Wikendi ya baiskeli za milimani: Menengai Jumamosi, Hell's Gate Jumapili

Ujumbe huja karibu na maneno yale yale: "Fundi, tuko sita, tunataka Menengai, Eburru na Hell's Gate, tunafika Ijumaa jioni na Jumapili saa kumi tunarudi Nairobi." Jibu langu nalo halibadiliki. Toeni moja, na iwe mlima Eburru. Wengi hukasirika kidogo, kwa sababu kwenye ramani sehemu hizi tatu ziko karibu, zote ndani ya kaunti moja ya Nakuru, na kilomita zenyewe ukizijumlisha si nyingi.

Shida ni kwamba huku kilomita hazisemi ukweli. Jiji la Nakuru liko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari. Ukingo wa Menengai, lile shimo la volkano juu ya mji, unapita mita 2,270. Hizo mita mia nne na ushee unazipanda kwa mwendo usiofika kilomita kumi kutoka katikati ya mji, na sehemu ya mwisho, baada ya nyumba kuisha na msitu kuanza, ndiyo yenye mwinuko wa kukutoa pumzi. Pumzi yenyewe ni haba. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, kwa hivyo kila unapovuta hewa unapata oksijeni pungufu. Anayetoka Nairobi hataona tofauti kubwa. Anayetoka Kisumu, ambako ni mita 1,130 au zaidi kidogo, ataiona kwenye mapaja. Wa Mombasa namwambia alale Nakuru usiku mmoja kwanza na Jumamosi asishindane na mtu.

Wenzetu Uingereza wamerahisishiwa kazi hii. Wana vituo maalumu vya njia za baiskeli, kama Coed y Brenin kule Wales au vile saba vya 7stanes kule Uskoti. Unaegesha gari, unasoma ubao, unafuata rangi: kijani ya anayeanza, buluu ya aliyezoea kidogo, nyekundu ya mwenye ujuzi, nyeusi ya mwenye ujuzi na roho ngumu. Sisi kilicho karibu na hapo ni Karura, Nairobi, ambako makutano ya njia yana nambari zake. Huku Bonde la Ufa hakuna aliyepaka rangi, kwa hivyo mpangaji wa safari anajipakia mwenyewe kabla ya kuita watu. Kwangu mimi barabara kuu ya hifadhi ya Hell's Gate ni kijani kwenda na buluu kurudi. Mzunguko wa Buffalo ndani ya hifadhi hiyo hiyo ni nyekundu, kwa sababu ya kupanda na mchanga, maana ufundi mwingi hautakiwi. Kupanda ukingo wa Menengai ni buluu, kushuka sakafuni na kurudi juu ni nyekundu. Eburru ni nyeusi, na weusi wake uko kwenye kupanda. Nikishajua watu wangu sita wako rangi gani, nusu ya mpango imekwisha. Kundi linapangwa kwa yule wa nyuma kabisa. Wa mbele atajipatia burudani yake popote.

Menengai nawapeleka Jumamosi, na saa kumi na mbili na nusu tuwe tumeshaanza kukanyaga. Sababu ya kwanza ni miguu mipya: mpando mkubwa ufanywe siku ya kwanza. Sababu ya pili ni mvua. Nakuru ina tabia ya kunyesha alasiri, na mbali na masika ya Machi hadi Mei, Agosti nayo hunyesha huku hata wakati Nairobi ni baridi kavu tu. Udongo wa Menengai ni majivu ya volkano. Ukikauka ni vumbi laini kama unga, ukilowa unashika tairi na kujaza nafasi yote kati ya gurudumu na uma wa mbele mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda, vumbi na yote.

Ukifika juu, usishuke sakafuni kwa kuwa tu umeona barabara. Shimo hili lina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, kuta zake mahali pengine zinakaribia nusu kilomita kwenda chini, na ndani kuna visima vya mvuke wa jotoardhi pamoja na malori yanayovihudumia. Barabara ya kushuka ina kona za kuvunja shingo ambapo lori linakuja katikati ya njia bila kutarajia baiskeli. Uliza getini, lipa tiketi ya msitu, chukua mtu anayeijua njia. Kisha fanya hesabu: kila dakika kumi za kushuka zinaweza kukudai saa nzima ya kupanda juani, maana sakafu ile ya lava nyeusi haina kivuli. Kundi la watu wa buluu nalizungusha ukingoni na msituni, tunakula mandazi na ndizi pale kwenye mandhari, tunarudi mjini kabla ya saa sita. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa matairi, maana hapa ndipo wikendi nyingi hufia.

Huku kuna maadui wawili. Wa kwanza ni miba ya migunga, ambayo haikuachi kwa sababu tairi ni la bei. Wa pili ni lava. Mawe ya Menengai mengi yana makali ya kioo, na yanakata ubavu wa tairi, sehemu ambayo haina raba nene. Kwa mwiba, dawa ni tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuziba ndani, mililita 100 hivi kwa gurudumu la inchi 29. Watu huyaweka wakasahau. Katika joto letu maji hayo hukauka ndani ya miezi miwili mitatu, na ukitikisa gurudumu bila kusikia kitu kikicheza ndani, ujue umebeba raba tupu. Kwa jeraha la ubavuni maji hayasaidii. Unahitaji kiraka cha ndani, na kizuri kuliko vingi vya dukani ni kipande cha tyubu ya dawa ya meno, ile ya plastiki laini lakini imara: ikate upana wa vidole vitatu, ioshe, zungusha pembe kwa mkasi zisichome, iweke ndani ya tairi juu ya jeraha, halafu tia tyubu ya kawaida na pumzi kidogo kuliko kawaida. Hiyo itakufikisha nyumbani. Mimi hubeba viwili chini ya kiti, vimekunjwa pamoja na gundi na viraka.

Kuhusu pumzi, acheni kujaza mpaka tairi liwe jiwe. Mtu wa kilo 75 kwenye tairi pana la inchi 2.3 bila tyubu anatosheka na psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 23 mbele na 26 nyuma. Ukiwa na tyubu ongeza tano au sita, la sivyo jiwe litabana tyubu kwenye rimu na utapata yale matundu mawili yanayofuatana kama jino la nyoka. Beba pampu yenye geji. Kidole gumba si geji, hata cha fundi.

Mnyororo: mafuta mepesi au ya nta. Yale mazito ya pikipiki hushika vumbi la majivu na kugeuka msasa, na kwa wikendi moja yanakula meno ya gia ambayo yangedumu msimu. Beba pia kile kipande cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu. Kila baiskeli ina umbo lake, hutakipata kwa jirani, na hutakipata Gilgil.

Jumamosi alasiri ni ya kusafirisha. Nakuru hadi Naivasha ni kilomita 70 hivi, na msinishawishi kuziendesha kwenye barabara kuu. Malori ya Uganda hayana mzaha na bega la barabara linaisha bila taarifa. Pikapu ni bora. Kama ni matatu, zungumza na kondakta siku moja kabla, kubaliana bei ya kila baiskeli kabla haijapanda kwenye kerieri, toa pedali na gurudumu la mbele, na uhakikishe upande wa gia haulaliwi na magunia ya viazi. Breki za diski za mafuta zina lao: ukitoa gurudumu, chomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi. Mtu akigusa mkono wa breki njiani bila diski pale, pedi zitabana na kugoma kufunguka.

Wanaouliza kwa nini tusiingie Hifadhi ya Ziwa Nakuru njiani: kuna simba na nyati, na ukiondoa siku maalumu za mbio za hisani, baiskeli hairuhusiwi. Sawa kabisa.

Hell's Gate ni hadithi nyingine. Ilifanywa hifadhi mwaka 1984, ina kilomita za mraba 68, na ni kati ya hifadhi chache za Kenya ambako unaruhusiwa kupita katikati ya pundamilia, twiga na ngiri ukiwa kwenye baiskeli yako. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo lipeni Jumamosi jioni hotelini kwenye mtandao mzuri, baiskeli ikiwa na ada yake tofauti, na mwenye kitambulisho cha Kenya akibebe. Geti la Elsa hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fikeni hapo.

Mnara wa Fischer unauona mara tu unapoingia, nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi, masalio ya koo la volkano. Umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huku mwaka 1883 na kuzuiwa na Wamaasai. Kutoka hapo barabara inakwenda kati ya magenge mekundu na inateremka taratibu, karibu kilomita nane mpaka korongo la Ol Njorowa. Mteremko ni mdogo hivi kwamba mtu haujui. Anadhani ana nguvu. Ndiyo maana nimeipa barabara hii rangi mbili: wakati wa kurudi ule mteremko umegeuka mpando, jua limesimama utosini, na upepo wa Naivasha wa alasiri unakupuliza usoni. Weka nusu ya maji yako kwa ajili ya kurudi. Lita tatu kwa mtu, na yawe ya dukani, maana maji ya visima ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi.

Anayekosa baiskeli atakodi karibu na geti, na hapo macho yafanye kazi. Inua gurudumu la mbele ulizungushe: likiyumba kuliko unene wa penseli, chagua nyingine. Binya breki ya mbele kwa nguvu na usukume baiskeli. Ukisikia inacheza pale kwenye shingo ya usukani, iache. Angalia kama mkono wa breki unagusa hendeli. Kisha panda, badilisha gia zote, hasa ile nyepesi ya kupandia, kwa sababu ndiyo iliyochoka na ndiyo utakayoitaka saa sita. Nunua baiskeli kwa breki, si kwa rangi. Kukodi ni vivyo hivyo.

Korongo lenyewe ni la miguu. Unafunga baiskeli kwenye kituo cha walinzi na kuteremka na mwongozaji. Wingu likiwa jeusi upande wowote, hata mbali, msiingie: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yalisomba watalii humo ndani wakafa, na maji yale yalitokana na mvua iliyonyesha kwingine. Nyani nao wanajua zipu. Na nyati aliye peke yake kando ya njia hapigiwi kengele wala picha. Simameni wote, rudini nyuma polepole kwa pamoja, msubiri aondoke au gari lipite.

Eburru je? Ni pazuri kuliko zote mbili, ndiyo maana sitaki muipite mkikimbia. Kilele kinafika mita 2,820, wakati ziwa liko kwenye 1,890 hivi, na barabara inapanda kupitia vijiji ambako watu hugeuza mvuke wa ardhini kuwa maji ya kunywa kwa kuupoza kwenye mabomba. Msitu umezungushiwa uzio wa umeme wa kilomita 43 uliokamilika mwaka 2014, kwa hivyo huingii popote unapotaka: unapitia kituo cha misitu, na unapewa mlinzi wa kwenda naye. Huo ni mzigo wa siku nzima. Ikitokea sikukuu ya Jumatatu, laleni Naivasha usiku wa pili, wapigieni kituo hicho wiki moja mapema, na anzeni mapema kuliko mlivyoanza Menengai.