Jeni zikivurugika kwenye uvimbe wa thairoidi: dhana na ukweli

Majibu ya kipimo cha uvimbe wa thairoidi, tezi iliyo shingoni, yakirudi yameandikwa "mabadiliko ya jeni yameonekana", wengi huona wameshahukumiwa. Hofu hiyo naielewa, lakini karatasi hiyo haijasema walichokisikia.

Dhana: Jeni zikiyumba, ni saratani tayari.

Seli inapogawanyika vibaya, kromosomu moja, yaani kifurushi kimoja cha jeni, hubaki upande usio wake, na seli mpya huanza maisha na hesabu pungufu au iliyozidi. Kwenye tezi ya thairoidi hilo hutokea hata katika vivimbe visivyo saratani. Adenoma za folikuli, ambazo ni vivimbe vya aina hiyo, huweza kuwa na kromosomu ya 7 ya ziada, na nyingine zina mabadiliko ya jeni za RAS, zinazoiamuru seli ikue, yale yale yanayoonekana kwenye saratani.

Chini ya hadubini mambo huweza kutisha zaidi. Kiini cha seli moja ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha jirani yake, kimekolea rangi, kimepinda. Mtaalamu wa patholojia hamalizii hapo. Huligeukia ganda la uvimbe na kulifuata ukingoni, kipande kwa kipande, akitafuta mahali seli zilipolitoboa au kuingia kwenye mishipa ya damu. Zikiwa zimepenya, hiyo ndiyo saratani ya folikuli. Ndiyo sababu sindano nyembamba peke yake haiwezi kukata shauri: hutoa seli, haitoi ganda.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali waliliondoa neno saratani kwenye jina la aina moja ya uvimbe uliotulia ndani ya mipaka yake. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa huruma na wa kisayansi kwa pamoja.

Dhana: Saratani lazima iwe na jeni zilizoharibika ovyo.

Saratani ya papilari, iliyo ya kawaida kuliko zote za tezi hii, ina jeni tulivu mno. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uvimbe karibu 500, takriban asilimia 60 ulikuwa na badiliko la BRAF, jeni nyingine inayoiamuru seli ikue, na mara nyingi badiliko moja tu lilitosha kuuendesha.

Dhana: BRAF ikionekana, mgonjwa yuko hatarini.

Ikiwa peke yake, wengi hutibiwa vizuri. Ikiambatana na badiliko kwenye sehemu inayowasha jeni ya TERT, hapo daktari ana haki ya kuongeza uangalizi, kwa kuwa ugonjwa hurudi zaidi na huua zaidi.

Kwenye saratani ya anaplastiki, ambayo ni adimu na kali sana, jeni ya TP53, inayozuia seli zisigawanyike ovyo, mara nyingi imeshaharibika na kromosomu zimetawanyika. Hata hapo BRAF ipimwe mara moja, bila kusubiri: tangu 2018 Marekani imeidhinisha dawa ya dabrafenib pamoja na ya trametinib kwa wenye badiliko la BRAF liitwalo V600E.

Dhana: Mabadiliko haya yote hurithiwa.

Mengi huzuka ndani ya uvimbe wenyewe na hayapiti kwa watoto. Saratani ya medulari, aina nyingine ya saratani ya tezi hii, ndiyo tofauti: takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne amezaliwa na badiliko la jeni ya RET, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi. Kipimo cha damu hulionyesha mapema. Aliyerithi huweza kutolewa tezi kabla saratani haijaanza, na asiyerithi huachwa na tezi yake.